Jibini la Tunu

Jumatatu alfajiri Semeni alitakiwa awe ameshaondoka Nkowe kwenda chuoni Nachingwea kusomea ualimu. Nafasi hiyo aliisubiri miaka mitatu. Ilikuwa Ijumaa, na kilichomzuia alikuwa amekipakata: Tunu, binti yake wa miezi kumi, mwenye meno manne na kichwa kigumu. Uji anatema, ndizi anarusha. Kwake chakula ni ziwa la mama, mengine porojo.

"Asipokula, huendi," alisema Mwanabibi, mama yake Semeni, ambaye ndiye angebaki na mjukuu. "Mimi ziwa la kumpa nalitoa wapi?"

Aliyeleta wazo ni jirani yao, Mwalimu Eva, mtu wa Njombe. Alisema kwao mtoto anayeanza kula hupewa jibini laini. Unachemsha maziwa ya ng'ombe, unakamulia ndimu, yakikatika unayachuja kwa kitambaa safi, halafu unaponda yale mabonge meupe. Chumvi usitie, na siku ya kwanza mwonjeshe kidogo umwangalie. Semeni alifurahi hata usingizi ukamruka. Jumamosi alidamka na baiskeli hadi kwa wafugaji, akarudi na lita mbili, jasho linamtiririka na huku anaimba.

Sasa sikia vituko. Semeni alichemsha maziwa yote, nusu akayaweka pembeni kwa kesho, akatoka kutafuta ndimu. Mwanabibi hakuwahi kuona jibini tangu azaliwe, ila mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalikuwa yamejaa uani, maana korosho zilikuwa zimeiva. Ya nini kuhangaika? Uchachu ni uchachu. Akakamulia mabibo matano sufuriani, na maziwa yakakatika vizuri tu. Semeni aliporudi mikono mitupu akakuta kazi imekwisha, akamshukuru mama yake kwa moyo wote.

Kijiko cha kwanza, Tunu alikunja uso wote, akatema, akaangua kilio. Semeni akaonja, koo likamkaba na ulimi ukakauka. Jamani, kila mtoto wa Nkowe anajua bibo linavyokaba. Aliyesahau ni bibi mtu mzima! Toka hapo Tunu akiona kijiko anabana mdomo. Semeni alilia kwa hasira, na mama yake akaenda kumwaga sufuria.

Jumapili mchana Eva alitoka kanisani na ndimu tatu. Wakayachemsha upya maziwa yaliyobaki, wakakamulia, wakachuja. Safari hii lilitoka jibini laini, jeupe, tamu. Semeni akachota kwa hamu. Akasogeza kijiko. Tunu akabana mdomo, akageukia ukutani.

"Niachieni mimi," alisema Mwanabibi. Akanawa mikono, akaketi mkekani na bakuli, akampa mjukuu mgongo. Akachota kwa kidole, akala, akajilamba. "Hiki cha bibi peke yake," akasema. "Watoto hawapewi."

Tunu akageuka. Bibi akala tena, taratibu, bila kumtazama. Mtoto akatambaa hadi mkekani, akashika goti la bibi, akajiinua, akaachama. Mwanabibi akampa kidogo, ncha ya kidole tu. Kikamezwa. Eva akaziba mdomo asije akapiga kelele, na Semeni alihisi moyo unataka kumtoka kwa furaha.

Walingoja hadi jioni, wakimwangalia. Hakutapika, hakuwashwa, alicheza tu. Wakampa tena, akala vijiko sita na kudai cha saba. Semeni alishindwa kuvumilia, akamnyakua, akambusu, akamfungulia ziwa kama kawaida.

Tunu akalitazama, akalisukuma kwa kiganja kilichojaa jibini, akamnyooshea bibi mikono.

"Umeshafukuzwa," Mwanabibi akacheka. "Kapange nguo."

Semeni alicheka naye. Halafu akaenda chumbani kupanga nguo, akiwa na furaha aliyoitafuta miaka mitatu, na machozi yakimdondokea ndani ya begi.