Upepo Ndani ya Mita

Kiwanda kilituletea mita za maji mia nne kumi na mbili, na pamoja nazo kikatuletea mwakilishi wake, ambaye karakanani tulimwita Bwana Marashi kwa sababu harufu yake iliingia mlangoni kabla yake. Sijapata kuona mtu anayejua kidogo kwa sauti kubwa namna ile. Meneja wetu, mwenye digrii ukutani na asiyeweza kubadilisha hata koki ya sinki lake, alijikomba kwake mpaka nikaona haya mimi. Bwana Marashi akipiga chafya, Meneja anatafuta kitambaa.

Wakazi wa mtaa wa mlimani walipoanza kulalamika kwamba mita zinazunguka kabla bomba halijatoa hata tone, Bwana Marashi hakuinuka kitini. Alisema mita ni nzima, ila zimefungwa vibaya. Aliyezifunga ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Meneja akamwandikia barua ya kufika mbele ya kamati siku ya Alhamisi, na kila mtu idarani alijua kwamba anayeitwa na kamati ile haendi kuulizwa, anakwenda kufukuzwa.

Nitasema kweli: nilimwamini Bwana Marashi. Shemeji sikuwahi kumheshimu. Ni mtu wa soga, anayeanza kazi kwa kutafuta pa kukaa, na siku alipomwoa mdogo wangu nilimwambia mama kwamba amepata mlaji, hajapata mkwe. Isitoshe, mita zote zile nilizipima mimi, mpimaji wa miaka kumi na minne. Kila moja niliifunga kwenye benchi la kupimia, nikafungua koki, nikatoa upepo wote bombani kama nilivyofundishwa, kisha nikapitisha lita mia moja na kuisoma. Hakuna hata moja iliyokosea. Nikazipiga muhuri, nikatia sahihi.

Mara tatu shemeji alikuja karakanani kuniambia kwamba mita zile zinahesabu upepo. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimwuliza kama upepo nao siku hizi watu wanauchota kwa ndoo. Mara ya tatu alikuja na barua ya kamati mkononi. Nikamwambia mfa maji haachi kutapatapa, akaikunja barua yake, akaondoka.

Jumatano nikapanda mlimani mwenyewe. Sikwenda kumsaidia. Nilikwenda kukagua alivyofunga ili niandike taarifa ya kummaliza, maana niliona aibu kuitwa ndugu yake. Ilikuwa siku ya mgawo, kwani kule maji hufika siku mbili tu kwa wiki. Nilianzia kwa fundi cherehani mmoja. Nikaweka pima maji juu ya mita, nikakuta imelala sawasawa. Nikaangalia upande ilikoelekea, ndio wenyewe. Viungo havikuvuja. Ilikuwa kazi safi kuliko yangu, na jambo hilo liliniudhi sana.

Kisha maji yakafunguliwa huko chini kwenye tangi. Fundi cherehani akaweka ndoo, akafungua bomba. Likakoroma, likapiga mluzi, na mita ikaanza kuzunguka kwa kasi. Nikatia mkono ndani ya ndoo. Kavu. Upepo uliojaa bombani siku zote lilipokuwa tupu ulikuwa unasukumwa na maji yanayokuja nyuma yake, na mita ilikuwa inauhesabu lita kwa lita. Fundi cherehani alisema ni hivyo kila wiki, na kwamba yule fundi aliyezifunga aliwaahidi kulifikisha jambo hilo idarani.

Nilikaa kwenye kizingiti chake. Mji mzima una upepo kwenye mabomba isipokuwa karakana yetu, ambayo tangi lake liko nyuma ya ukuta na halikauki. Na hata ule upepo kidogo uliokuwemo niliutoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa makini, mara mia nne kumi na mbili.

Alhamisi nikaieleza kamati niliyoyaona mlimani. Nilidhani Bwana Marashi atatahayari. Wapi! Alitabasamu, akafungua kijitabu cha kiwanda, akasoma kwamba mita hizi ni za bomba lililojaa maji. Kama mabomba yetu yana upepo, akasema, hilo ni letu. Na kama fundi aliliona akanyamaza, basi huo ni uzembe wa fundi. Meneja aliitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha.

Mwenyekiti wa kamati akamgeukia shemeji.

"Jambo hili uliliona?"

"Nililiona, mwenyekiti."

"Ukamwambia nani?"

Shemeji alinitazama mara moja tu, kisha akainamia mikono yake.

"Sikumwambia mtu."

Meneja alikuwa ameshaanza kuandika. Yule mvivu, yule mlaji, alikuwa anaitoa kazi yake ili mimi nibaki na benchi langu, na wala hakunitazama tena ili nimshukuru. Nilijidharau kuliko nilivyomdharau mtu yeyote chumbani mle, na sikuwa nimewadharau kidogo.

Nikasimama.

"Aliniambia mimi," nikasema. "Mara tatu. Nikamcheka."

Meneja akaniuliza kama ninaelewa ninachokisema. Nikamwambia alikate jina aliloliandika, kisha nikamtajia langu polepole, herufi moja moja, maana kwa miaka kumi na minne alikuwa hajajifunza kuliandika.