Ng'ombe Walioko Majini

Kwanza ulikuja mngurumo. Haukuwa wa radi, maana mbingu ya Kibaigwa siku ile ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Wala haukuwa wa malori ya mahindi, ambayo masikio ya sokoni yalikwisha kuyazoea. Huu ulitoka ardhini. Ulipanda miguu ya benchi, ukaingia mapajani mwa Obedi, na chai ikatetemeka vikombeni kabla mtu hajaona kitu.

"Tetemeko," alisema Ruthu, mwenye kibanda, akishika birika.

"Tetemeko haliji kwa kujikokota," alisema mzee Petro.

Obedi aligeuzia uso barabarani. Alikuwa amemnunia baba yake mdogo huyo tangu walipotoka kijijini Mvumi, Ugogoni. Ndani ya koti alikuwa na cheti cha hisa za kampuni ya meli, na basi la Dar es Salaam likifika tu, angekwenda kuziuza. Hasira yake ilikuwa na mizizi. Marehemu baba yake alimwachia ng'ombe wa kuolea. Mzee Petro, aliyekuwa akiwatunza, aliwauza wote mwaka ule ambao malori yalipita matupu na redio ikasema meli zimelala bila mzigo. Akanunua hisa za meli hizo hizo, kwa jina la Obedi. Watu walisema mzee kapandwa na pepo la soko huria. Sasa biashara ilikuwa inainuka nchini, lakini bei ya hisa ilikuwa bado imelala. Akiuza leo angepata nusu ya ng'ombe wale. Nusu ingetosha: mzee Octavian alikuwa amesema asipoona kwato zizini mwake kabla ya mvua, binti yake Elieth ataolewa na mwingine.

"Ng'ombe hununuliwa kiangazi, akiwa mifupa," mzee Petro alijitetea njiani. "Anayenunua masika analipia majani."

"Ng'ombe ukimweka kwa rafiki kijiji cha mbali, unakwenda kumwangalia," Obedi alimjibu. "Unamshika nundu, unakunywa maziwa yake. Hawa wako nani kawaona?"

Na kweli, mzee mwenyewe hakuwahi kuiona bahari.

Sasa gari dogo lenye bendera nyekundu lilitokeza kwenye kona, likifuatwa na vijana waliobeba miti mirefu ya kuinulia nyaya za umeme. Nyuma yao kikaja kitu ambacho Obedi hakuwa na jina lake. Lilikuwa pipa la chuma, kama mapipa yana mfalme. Lilifunikwa turubai, limelazwa juu ya magurudumu mengi kama miguu ya jongoo. Lori moja lilivuta mbele, jingine lilisukuma nyuma. Mizani za mahindi zilisimama. Madalali, ambao hata msibani hupandisha bei, walifunga midomo. Kivuli cha chuma kile kilifunika kibanda cha Ruthu, kikahamia cha jirani, kikaendelea, kana kwamba jioni imeshuka barabarani na inatembea kwa miguu.

Obedi alijikuta amesimama, kofia mkononi. Hakukumbuka kuivua. Kwenye turubai aliiona nanga nyekundu ndani ya duara, ile ile iliyochorwa juu ya cheti chake.

Msafara ulisimama kupoza matairi. Dereva mmoja, Halfani, mtu wa pwani, alikuja kuagiza chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmebeba nini, mwanangu?"

"Kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Kinakwenda kanda ya Ziwa."

"Na kutoka ng'ambo kimeletwa na meli ya nanga hii?" aliuliza Obedi.

"Vimeletwa vinne. Hiki ndicho kitindamimba. Chini yake, humo melini, mlikuwa na vyuma vya daraja, na juu makontena."

Mzee Petro alikodoa macho. "Haikuzama?"

"Mzee, ile hata haikujua kama imebeba. Ukisimama gatini kuitazama, shingo inauma kabla hujafika juu." Halfani alipuliza chai. "Mwaka juzi nilishinda kijiweni, mzigo hakuna. Leo meli zinapanga foleni nje ya bandari. Giza likiingia, taa zake utadhani mji umejengwa majini."

"Hiyo meli ni yangu," alisema Obedi.

Halfani alitazama makubazi ya Obedi yaliyojaa vumbi. "Mgogo na meli? Basi bosi, nilipie chai."

Ruthu alicheka. Obedi alichomoa cheti. Halfani alijifuta mikono kwenye suruali ndipo akakipokea, akakisoma polepole.

"Kumbe kweli. Sehemu yako itakuwa kama boliti moja, mjomba."

"Hata ikiwa boliti."

Alivuka barabara, akaweka kiganja juu ya chuma, kama mtu amshikavyo ng'ombe nundu. Kilikuwa cha moto. Aliinua macho mpaka kisogo kikagusa ukosi wa koti, na bado hakuuona ukomo wake. Vinne kama hiki, na daraja, na makontena, vyote juu ya maji! Na yeye, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya lambo la mifugo, boliti yake ilikuwa humo, imeshikilia.

Basi lilifika likipiga honi. "Dar, Dar, siti mbili za mwisho," aliita konda.

Mzee Petro alikuwa ameshasimama, mkoba begani. "Hisa zina jina lako, Obedi. Amua wewe."

Obedi alimpungia konda aende zake. Vumbi lilipotulia, alimgeukia baba yake mdogo, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kibandani:

"Siuzi, baba mdogo. Jumapili nitakwenda mwenyewe kwa mzee Octavian, nimwambie mbele ya Elieth kwamba ng'ombe wake wako majini na wanazaa. Akitaka kwato kabla ya mvua, nitabeba magunia hapa Kibaigwa mpaka nimpelekee ndama wa kunishikia nafasi. Lakini hawa wa majini siwagusi. Nakuahidi."