Pete ya Mkono wa Kushoto

Ijumaa, mkesha wa Jumamosi ya Wafu, ambapo watu hugawiana ngano ya kuwaombea marehemu, Bibi Tsonka alichemsha ngano mapema, akaitandaza juu ya taulo ikauke, kisha akamwambia mjukuu wake Zlatina avae viatu.

"Leo Haralambi atanipa jibu. Asiponipa nitaikalia hiyo ramani yake mpaka anipe."

Zlatina aliiacha suruali ya mteja aliyokuwa akiipinda, akachomeka sindano kwenye kola yake, akamshika bibi yake mkono. Ngazi za maktaba ni ishirini na mbili, na kila mwaka Bibi hudai wameongeza moja.

Mama yake Bibi, aliyeitwa Yonka, alifariki Bibi akiwa mtoto wa miaka miwili. Baba akambeba mtoto wakahamia kijijini kwa dada zake, na huku nyuma, mjini Brodets, mtaa wote wa chini, karibu na mto, ukabomolewa. Hakuna aliyebaki wa kumwonyesha Bibi nyumba ilikuwa wapi. Watu wa Brodets hubandika karatasi ya ukumbusho, yenye jina na picha ya marehemu, kwenye mlango wa nyumba aliyoishi. Bibi Tsonka kwa miaka sitini amekuwa akibandika ya mama yake kwenye nguzo ya taa mbele ya posta. "Kama tangazo la mbwa aliyepotea," alizoea kusema, na hakuwa anacheka. Sasa magoti yalikuwa yanamgomea. Alitaka, walau mara hii moja, karatasi ikae mahali pake.

Alikuwa na picha moja tu, ndogo kama kiganja. Mwanamke amesimama kizingitini. Upande wa kushoto wa picha kuna bomba la maji la mawe, kulia, mbali, mnara wa kanisa. Wanaume wawili wameingia pichani hapo mbele bila kujua, mmoja na kizibao, mwingine na koti, karibu na gari la farasi.

Mzee Haralambi, mpima ardhi mstaafu, alikuwa mezani kwake kama kila Ijumaa, ameitandaza ramani ya mji ya zamani, pembe zake amezikandamiza kwa vitabu. Kazi yake pale ilikuwa kupokea picha za watu na kuzitafutia mahali. Safari hii hakuinua macho upesi.

"Kaa, Tsonka."

"Nikikaa ni habari mbaya. Sema nimesimama."

"Mabomba ya mawe yalikuwa manne mjini. Nimeyapitia yote. Hakuna hata moja ambalo ukisimama kulitazama linakuwa kushoto, na mnara wa kanisa kulia. Hakuna."

"Basi ramani yako ni ya uongo."

"Aliyeichora alipima kwa mnyororo, nyumba kwa nyumba. Nimeikagua maisha yangu yote." Akashusha sauti. "Picha hii nani alikupa?"

"Shangazi Mika. Nikiwa na miaka saba. Akasema, huyu ndiye mama yako."

"Labda alikuona unalia, akakupa mwanamke yeyote."

"Haralambi!"

"Njoo utazame mwenyewe." Akaweka kioo cha kukuzia juu ya mkono wa yule mwanamke. "Pete ya ndoa iko mkono gani?"

Bibi aliinama. Alitazama, kisha akatazama mkono wake mwenyewe. Pete yake nayo ilikuwa kushoto, tangu Babu alipozikwa, miaka kumi na moja sasa. Walio na waume huvaa kulia.

"Huyu ni mjane," alisema Haralambi. "Mama yako alitangulia, baba yako akabaki. Hakuwahi kuwa mjane hata siku moja."

Bibi akakaa. Mkono ukampanda kichwani, ukapapasa njia ya nywele zake, iliyopita kushoto. Alichana hivyo tangu siku aliyopewa picha, kumwiga aliyemo ndani yake.

Haralambi alianza kuikunja ramani, taratibu, kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa.

"Subiri, Mzee," alisema Zlatina.

Yeye hakuwa ameitazama pete. Kwa muda wote huo alikuwa akitazama nguo, kwa sababu ndicho kitu alichokijua.

"Huyu bwana mwenye kizibao, nani alimshonea?"

"Binti, tunatafuta mtaa hapa, si fundi cherehani."

"Kizibao chake kimefungwa kike. Vifungo viko kushoto, na vya wanaume hushonwa kulia."

"Kulikuwa na baridi, akavaa cha mkewe."

"Kikamkaa mabegani hivi? Na mwenzake, koti lake?" Zlatina alisogeza kioo. "Nalo limefungwa kike. Wote wawili wametoka na nguo za wake zao, Mzee, siku moja, mtaa mmoja?"

Zlatina alichukua mkoba wa bibi yake bila kuomba, akatoa kioo cha kujitazamia na kukisimamisha mbele ya picha. Wote watatu waliinama.

Ndani ya kioo wanaume walikuwa wamefunga nguo zao kiume. Bomba la maji lilikuwa kulia, mnara kushoto. Na pete ilikuwa mkono wa kulia.

"Waliichapa kinyume," Haralambi alinong'ona. "Mpiga picha alilaza bamba lake la kioo upande usio wake." Tayari alikuwa anaikunjua ramani, na vitabu viwili vikaanguka. Kidole chake kiliteremka kuelekea mtoni, kikasimama. "Mtaa wa Wasuka Kamba. Kona ya pili."

Akatandika juu yake karatasi nyembamba yenye mitaa ya leo, akaisogeza mpaka kanisa likalala juu ya kanisa. Kisha akavua miwani.

"Nisamehe, Tsonka. Nimekunyang'anya mama yako."

"Dakika kumi tu," alisema Bibi. "Lakini zilikuwa ndefu." Alikuwa ameshika kioo chake, anajitazama. "Maisha yangu yote nachana nywele upande usio wake."

Bibi hakuzigusa tena nywele.

Kesho yake walikwenda na bakuli la ngano yenye sukari, na karatasi ambayo picha yake sasa ilikuwa imegeuzwa inavyopasa. Kona ya pili ilikuwa mahali pa kuoshea magari. Kijana mwenye buti za mpira alizima bomba lake.

"Hapa hakijafa kitu, bibi, isipokuwa betri."

"Mama yangu aliishi hapa," alisema Bibi. "Hapo unapomwaga maji palikuwa mlango."

Kijana aliutazama ukuta ulioloa mpaka juu. "Hapa itachanika kabla ya saa sita." Akaingia kibandani, akarudi na mfuko wa plastiki na gundi ya utepe. Aliifunga karatasi, akaibandika kwenye kioo cha kibanda, kwa ndani, ikitazama nje. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali na kukinga kiganja.

Bibi akamwekea ngano kijiko kimoja, halafu cha pili.

"Anaitwa nani?"

"Yonka."

"Mungu amsamehe Yonka," alisema kijana, kama inavyosemwa, na akala.