Shule ya Wana wa Maraja

Ukumbi wa kanisa mjini Kajiado ulijaa hadi watu wakaning'inia madirishani. Mwaka huo wa 1997, shule moja ya bweni ilikuwa imeahidi kumsomesha bure mshindi wa shindano la historia. Lennox wa Tuala na Seleyian wa Noonkopir walikuwa wamelingana alama. Lilibaki swali moja.

Nalangu, mamake Seleyian, alikaa mbele akisali chini chini, macho hayabanduki kwa bintiye. Kando yake alikuwa shemeji yake Gideon, msemaji wa boma tangu mumewe afariki. Walikuwa wamepatana: msichana akishinda, atasoma, akishindwa, ataolewa Kimuka Desemba.

"Mama Seleyian, utachosha midomo," Gideon alimnong'oneza. "Mungu hasahihishi mitihani."

"Lakini humkumbusha aliyesoma, shemeji."

Mwalimu Namalwa, aliyekuwa akiuliza maswali, akasimama. "Waingereza wakitawala India walijenga shule ya bweni ya wana wa maraja, wafalme wa huko. Kila mtoto na farasi wake, na mtumishi wake. Hata hivyo, mwanzoni vitanda vilikaa vitupu. Kwa nini?"

"Karo ilikuwa juu, madam," Lennox akawahi.

"Raja akose karo?" Watu wakacheka.

Seleyian akakunja sketi kwa vidole. Nalangu alijua dalili hiyo: hapo mtoto hakusoma.

"Waliogopa," Seleyian akasema polepole. "Mrithi akilelewa na Mzungu, atarudi mgeni kwao. Hata huku kwetu, serikali ilipodai watoto wa shule, wazee walificha wale waliowapenda, wakatoa wa jirani maskini."

"Nani amekuambia?" Namalwa akauliza.

"Babu. Yeye alifichwa kwenye chumba cha ndama."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Huyo ni baba yangu," Gideon akajisahau, akasema kwa sauti. "Na yule waliyempeleka badala yake akarudi akawa chifu, akatutoza kodi sisi wote."

"Jibu ni hilo," Namalwa akasema, akiinua mkono wa Seleyian. Vigelegele vikapaa hadi kwenye mabati.

"Basi, shemeji," Nalangu akauliza, tayari amesimama, "Desemba kuna harusi?"

Gideon akajifuta machozi ya kicheko. "Desemba nauza fahali, tununue godoro na sanduku la shule. Wa Kimuka niachie mimi. Watanitukana, lakini sifichi mtoto tena."

Nalangu hakungoja amalize. Alikuwa anapenya watu kwenda jukwaani, akiimba.