Mgeni Asiyetaka Kitu

Hannah alikuwa mtu wa kimya. Miaka kumi na saba ya ndoa, Kalama hakuwahi kumsikia mkewe akiomba kwa sauti. Hata sala fupi ya kushukuru chakula alimwachia yeye. Kwa hiyo Jumapili ile, waumini walipopiga magoti na sauti ngeni ikaanza upande wa wanawake, Kalama alifumbua macho kwa hasira amwone ni nani. Akamwona mkewe.

Maneno yalimtoka Hannah mfululizo, kama maji ya mtungi uliopinduka. Hayakuwa Kiduruma wala Kiswahili. Kizungu pia hayakuwa. Kalama alikuwa amefanya kazi kwa Mzungu wa shamba la katani mpaka mwaka ule wa uhuru, Kizungu angekitambua.

Na kanisa zima lilikuwa linamtazama yeye, si Hannah. Walikuwa na sababu.

Miezi sita nyuma, Chome, mkata miwa, alirudi kutoka mashamba ya Ramisi na mambo aliyojifunza kwa wenzake wa bara, akanena kwa lugha katikati ya ibada. Kalama, mzee wa kanisa, ndiye aliyemshika mkono akamtoa nje.

"Karama zile zilikuwa za mitume," alimwambia mbele ya watu. "Mitume wamekufa, nazo zimekwisha. Paulo mwenyewe alisema lugha zitakoma. Hicho ulicho nacho ni pepo."

Chome akageuka pale mlangoni. "Mzee Kalama, pale pale Paulo alisema na maarifa nayo yatakoma. Yako yalikoma lini?"

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomkaza Kalama. Alimsukuma Mchungaji Nzai hadi sheria ikapita: atakayenena kwa lugha amepagawa, atatengwa. Haingii kanisani, hashiriki meza ya Bwana, na akifa kanisa halimziki. Tangu siku hiyo Chome alikuwa akija kila Jumapili na kukaa nje, juu ya jiwe chini ya dirisha, akisikiliza.

Sasa Hannah.

Kabla Kalama hajapata la kusema, mama yake aliinuka. Bibi Mbeyu alikuwa amebatizwa Pasaka iliyopita tu. Kabla ya hapo, miaka arobaini, alisaidia kwenye ngoma za kupunga pepo, na kazi yake ilikuwa moja: kumwuliza pepo jina lake na haja yake. Mtu akisema lugha isiyojulikana hufunikwa nguo, hunyunyiziwa marashi, kisha huulizwa. Mikono ya Bibi Mbeyu haikuingoja akili. Alivua leso ya mabegani akamfunika mkaza mwanawe kichwa, akafungua pindo, akatoa kichupa cha marashi ambacho Kalama aliamini kilitupwa siku ya ubatizo.

"Karibu mgeni," alisema kwa adabu, kama anayempokea mtu barazani. "Umetoka wapi? Jina lako nani? Wataka nini kwetu?"

Marashi yakajaa kanisa. Mchungaji Nzai alishikilia mimbari kwa mikono miwili. Nyuma, mwanamke mmoja alianza kupiga makofi ya ngoma, akakumbuka alipo, akaficha mikono.

Hannah alinyamaza. Akaiondoa leso usoni, akamtazama mavyaa wake kwa macho yale yale ya kila siku, ila yalikuwa yamelowa.

"Mama, ni mimi Hannah. Sikupotea. Nilikuwa nasikia hata kuku wa nje."

"Na huyo mgeni?"

"Hataki kitu."

"Hata nguo?"

"Hata nguo."

"Halua?"

"Mama, hataki kitu."

Bibi Mbeyu akaketi chini kwa kishindo. "Nimeuliza pepo wa Kiarabu, wa Kimasai, wa baharini," akasema, hamwambii mtu. "Sijamwona asiyetaka kitu. Hata wale wapole hutaka kahawa."

"Mzee Kalama," Mchungaji akasema. "Sheria waijua."

Hannah alikuwa tayari anajifunga leso yake kiunoni. "Usijisumbue kunishika mkono, baba," alimwambia mumewe. "Mlango naujua."

Nje ya mlango huo, karibu na mkorosho, kulikuwa na kaburi la mtoto wao wa kwanza, na Hannah alikwisha chagua mahali pake pa kuzikwa kando yake. Kalama alifungua kinywa aseme neno lile alilomwambia Chome, kwamba ni pepo.

"Sema, mwanangu," mama yake alimwambia pale chini. "Kama ni pepo, mganga wake ni mimi, na Jumamosi nampigia ngoma. Kama si pepo, wamtoa kwa nini? Na yule wa dirishani ulimtoa kwa nini?"

Kalama akamtazama Mchungaji. Mchungaji akatazama Biblia, wala hakuifungua.

Basi Kalama akaenda mlangoni akampita mkewe. Nje, Chome alikuwa amesimama juu ya jiwe akichungulia, mdomo wazi.

"Ingia," Kalama akasema.

"Umeamini, Mzee?"

"Sijaamini. Kitu hicho sikijui. Nilisema nakijua, kumbe sikijui. Ingia kabla sijabadilika."

"Mzee," Mchungaji akasema kutoka ndani, "wavunja sheria uliyoitaka mwenyewe."

"Naivunja mwenyewe."

Chome akaingia polepole, kama mtu anayeingia ua wenye mbwa. Hannah akarudi mahali pake akaketi. Kalama alibaki kizingitini, ameshika mwimo wa mlango, na huko ndani alimsikia mama yake akimnong'oneza Hannah:

"Hata kahawa?"