Mtambo wa Mvuke na Mbao za Banda

Mama watoto alishatoa neno la mwisho: ikifika saa sita mchana mtambo haujachimba, wanunuzi wa vyuma chakavu wauchukue, yeye ajenge banda la kuku pale uani.

Mumewe, fundi, akawasha moto alfajiri, maana mtambo wa kuchimba kwa mvuke hauna haraka. Tangi lake huchukua muda wa saa sita kuchemka. Akapaka grisi minyororo, akafuta kioo cha kipimo kwa shati lake. Saa tano na nusu kuni zikaisha, na mshale wa kipimo umebakiza kidogo tu kufika. Akaangaza macho huku na huku, akaona mbao zimeegemezwa ukutani, kavu, safi. Akazitia motoni zote.

Mtambo ukakoroma, ukapiga king'ora, ukang'oa udongo wa toroli mbili kwa mkupuo.

"Umeona, mama watoto? Unachimba!"

"Nimeona, baba watoto. Na mbao za banda langu ziko wapi?"

Fundi akatazama moshi unavyopaa.

"Haya, mtambo wako ubaki," mkewe alisema, akifungua tenga la kuku. "Hawa watalala humo kwenye ndoo yake ya kuchotea udongo. Siku ukitaka kuchimba, uwaombe ruhusa wao."