Bila Kupima Sigusi

Mafundi wa simu wenzake walimwita Bwana Pima, na si kwa mapenzi. Wao wakifika kwenye hitilafu hutumbukiza mikono, wakamaliza, wakarudi kunywa chai. Yeye, hata laini iwe imekufa tangu juzi, lazima kwanza atoe kipimo chake aone kama waya una umeme. Simu yenyewe huwa na umeme kidogo tu, wa kutekenya. Lakini huwezi kujua waya umelala na nani njiani.

Leo simu mbovu ilikuwa ya nyumbani kwa mpenzi wake, na roho ilikuwa juu juu. Mpenzi alishampa sharti: simu ikipona, amwambie mama kwamba anataka kumwoa binti yake. Kila alipokuja kulisema hilo, mama alimkazia macho, naye akaishia kuulizia afya ya paka. Paka alikuwa mzima sana.

Akapiga magoti uani, chini ya dirisha la jikoni, akafungua kisanduku cha simu ukutani. Binti akachuchumaa kando yake.

"Gusa tu bwana, umalize. Unachelewesha mambo."

"Bila kupima sigusi."

"Mbona wenzako hawapimi?"

"Shauri yao. Mimi hata unibembeleze vipi, kwanza nipime, nijue kuko salama."

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Mama akatoka, mwiko mkononi.

"Nimesikia yote! Mwanangu apimwe ana nini?"

"Waya, mama! Napima waya!"

"Waya ndio unaokubembeleza?"

Binti akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Msaada hakutoa. Fundi, jasho likimchuruzika, akaona heri aonyeshe kwa vitendo. Akagusisha kipimo. Mshale ukaruka hadi mwisho, ukagota hapo. Binti akaacha kucheka.

"Mama, kuna msumari umepigiliwa humo jikoni karibuni?"

"Wa kutundikia kikaango. Kwani nyumba si yangu?"

"Umetoboa waya wa umeme na wa simu kwa pamoja. Moto wote wa nyumba umehamia huku."

Akakimbia kuzima swichi kubwa, akarudi. Mama alikuwa bado anakitazama kile kisanduku.

"Kwa hiyo ungegusa tu..."

"Mngekuwa mnaandaa mazishi badala ya harusi."

Neno lilishatoka. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Harusi ya nani?" mama akauliza.

Paka alikuwa amejilaza palepale mlangoni, na fundi alimwona. Safari hii hakuulizia afya yake.

"Yangu na binti yako, mama. Ukiniruhusu."

Mama akashusha mwiko polepole. Akamtazama binti yake, aliyekuwa akihesabu vidole vya miguu.

"Nilikuwa naomba mkwe asiyekurupuka," akasema. "Basi na huyu mpime vizuri kabla hujagusa. Ana moto kuliko huo waya."